Dakota ya Babu: shajara ya karakana, Chang'ombe, Dodoma

Mei 3

Leo nimekata bamba la kwanza. Ni alumini nyembamba iliyokwisha kutumika kwenye mashine za kuchapia. Wauza skrepa wanaipima kwa kilo, na kilo tatu nimezipata kwa shilingi 15,000. Upande mmoja bado una kivuli cha wino. Hili la leo lilichapia kalenda ya kwaya, kwa hiyo tumbo la ndege yangu, kwa ndani, lina mwezi wa Oktoba na waimbaji kumi na wawili waliosimama kwa safu.

Kazi yenyewe ni mfano wa Dakota, ile ndege ya zamani ya abiria, DC-3, kwa uwiano wa 1 kwa 20. Dakota halisi ina mita 29 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine, na urefu wa karibu mita 19.7. Binti yangu wa kidato cha tatu kanipigia hesabu: bawa sentimita 145, mwili sentimita 98 na nusu. Nilidhani itakaa juu ya kabati la sebuleni. Mke wangu alipima kabati kwa macho, akanitazama, hakusema kitu.

Niandike sababu mapema, nisije nikaulizwa kila siku. Katika ukoo wetu hakuna rubani wala mhudumu wa ndege. Tuna Babu. Babu, baba yake baba, alikuwa kibarua wa kumimina mafuta katika uwanja wa ndege wa Dodoma miaka ya hamsini. Mwenyewe hakusema "kujaza mafuta". Alisema: "Nilikuwa nanywesha ndege." Mgogo anajua kunywesha ng'ombe, akalichukua neno lilelile akaenda nalo kazini. Na katika kila msiba na kila harusi yetu lazima atokee mtu wa kukumbusha kwamba Babu alinywesha Dakota. Nataka watoto waione hiyo Dakota.

Mei 10

Mifupa ya bawa la kushoto imekamilika, kwa mbao za paini. La kulia limepinda milimita nne. Nalirudia.

Mei 18

Karakana yangu iko barabarani. Natengeneza madirisha na milango ya alumini, na kila kitu nakifanyia nje chini ya mwembe. Mwili wa ndege niliuning'iniza kwenye tawi ili gundi ikauke, na kuanzia hapo hapajawa na amani. Kila anayepita anasimama. Anauliza bei kwanza, na nikimwambia haiuzwi ndipo anapoanza kusimulia.

Kijana wa bodaboda wa kijiweni ndiye aliyeanza. Kwao ni Kiteto. Mama yake alishikwa na uchungu wa siku mbili, barabara imekatwa na mvua, ikaja Cessna ya wamisionari kumchukua. Hao ni MAF, ambao kwa miaka mingi walikuwa na kituo hapa Dodoma na vindege vyao vya injini moja vikitua popote palipofyekwa. Cessna 206 ina viti sita tu, na bawa lake liko juu ya vichwa, ndiyo maana mgonjwa huingizwa kwa urahisi na vumbi la njia haliligusi bawa. Aliyezaliwa safari ile ni dada yake mkubwa. Kijiji kizima mpaka leo kinamwita Ndege. Nilimuuliza kama dada amewahi kupanda tena. Akacheka: "Fundi, hata ile mara ya kwanza hakupanda yeye, alipandishwa."

Halafu mama anayeniuzia mlenda. Yeye aliitazama ndege yangu kwa uso ambao sikuutegemea, akasema, "Hii ni ya abiria. Ya kwetu ilikuwa ya sumu."

Kwao ni upande wa Bahi. Uwele unapoanza kukomaa, watoto hawaendi shule, wanaamia ndege. Alfajiri wako juu ya dungu na makombeo na madebe ya kupiga, mpaka jua linazama. Kwelea kwelea hawaji kumi wala mia. Wanakuja kama moshi, wanashuka, wanainuka, na shamba limebaki mabua. Mwaka mmoja kelele za watoto hazikutosha, serikali ikaleta ndege ya kupulizia. Katika ukanda wetu huu kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi na ndege za lile shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962 na lenye makao Addis Ababa. Nzige wakipungua, ndege zake zinaelekezwa kwa kwelea.

Anasema ilikuja jioni. Inakuja jioni kwa sababu kwelea mchana wametawanyika mashambani, lakini magharibi wote wanarudi kulala mahali pamoja, kwenye miiba au matete, na hapo unawapata kwa mpigo mmoja. Ndege ile ilipita chini sana juu ya ndege wale. (Kiswahili kinatutosha hapa: *ile* na *wale* vinafanya kazi yote, hakuna atakayechanganya.) Dawa inayotumika sana ni fenthioni, inayoshambulia mishipa ya fahamu. Mtendaji alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba akisema asiokote mtu. Asubuhi chini palikuwa na zulia la kwelea, na watu, pamoja na kukatazwa, waliokota. Mama yake aliwanyang'anya watoto wote, akachimba shimo nyuma ya zizi, akawafukia, halafu akawachapa.

"Mwaka ule tulivuna," akasema. Akapanga mafungu yake ya mlenda. "Lakini hata leo nikisikia ndege inashuka jioni, natafuta watoto wako wapi."

Nimeandika kirefu kwa sababu nimekaa nalo siku nzima. Niliianza kazi hii nikidhani ukoo wenye habari za ndege ni wetu peke yetu.

Mei 19

Umeme hakuna. Drili imelala.

Juni 1

Nimetoka Kigwe kwa Shangazi. Ana miaka sabini na kitu, ni binti pekee wa Babu aliyebaki. "Mbukwenyi," nikamwamkia toka mlangoni, nikaongeza na shikamoo kabisa nisije nikapungukiwa. Alijibu zote mbili. Kabla ya ugali wa uwele kuliwa hakukubali kuzungumza habari za ndege.

Baadaye akaingia ndani, akatoka na faneli.

Nilikuwa nimesikia habari zake, sikuwa nimeiona. Ni ya bati nene, mdomo wake upana wa sinia dogo, na ndani yake kuna pete ya kubania ngozi. Ngozi yenyewe imekauka, imekuwa kama ganda la muwa, lakini ipo. Ni ngozi laini ya kuchujia. Petroli ya ndege ilikuwa inakuja kwenye madebe na mapipa, na pipa likikaa juani mchana na baridini usiku linatoa jasho kwa ndani. Maji yakiingia kwenye injini, injini inazimika angani. Ngozi ile ukiilowesha kwanza kwa petroli, inapitisha petroli na kuyazuia maji. Babu alisimama na debe la galoni nne, lita 18 hivi, akamimina polepole, akatazama matone ya maji yakibaki juu ya ngozi, akayamwaga, akaendelea. Debe baada ya debe.

Nikamwomba Shangazi anieleze ndege yenyewe ilivyokuwa. Hapo mradi ukapata ufa. Alisema: "Ilikuwa na nguo."

"Nguo vipi, Shangazi?"

"Nguo, baba. Kitambaa. Siku moja baba aliegemeza ngazi ikatoboa. Walimkata mshahara wa siku tatu. Wakabandika kiraka, kwa gundi inayonuka kichwa kikauma."

Dakota ni ya alumini. Hilo nalijua vizuri kuliko jirani yeyote, maana vidole vyangu vimejaa vidonda vyake. Ndege ya kitambaa si Dakota.

Nimerudi na faneli kwenye begi na sina raha. Sijamwambia mtu nyumbani.

Juni 4

Usiku tatu mimi na binti na simu yake. Niyaweke hapa tuliyoyapata.

East African Airways, shirika la ndege la Afrika Mashariki wakati ule, ilianza tarehe 1 Januari 1946 na haikuanza na Dakota. Ilianza na Dragon Rapide: ndege ya Kiingereza ya injini mbili, mabawa mawili juu kwa chini yaliyofungwa kwa vijiti na waya, mwili wa mbao, ngozi ya kitambaa. Dakota zilikuja miaka michache baadaye. Babu alianza kazi uwanjani baada ya 1951. Tarehe hii ndiyo pekee tuliyo na uhakika nayo, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa Kongwa kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, na mradi ule ulioanza 1947 ulikufa 1951, vibarua wakatawanyika. Miaka hiyo Rapide zilikuwa bado zinaonekana Afrika Mashariki. Kwa hiyo inawezekana. Inawezekana sana.

Tukapata na jambo ambalo sikulitafuta. Dodoma ilikuwa kituo cha ndege za kimataifa mwaka 1932. Imperial Airways, shirika la Waingereza, ilipofungua njia ya London hadi Cape Town, ndege zilitoka Nairobi zikapita Moshi, zikatua Dodoma, zikaenda Mbeya na kuendelea kusini. Ndege zenyewe katika kipande hiki zilikuwa Hercules za de Havilland, za injini tatu. Mwaka 1937 wakaleta ndege za kutua majini, njia ikahamia pwani, Dodoma ikaachwa. Leo tunaambiwa jiji letu litapata uwanja wa kimataifa kana kwamba ni mara ya kwanza.

Na Tabora, ndugu zetu wa magharibi, wana lao la zamani zaidi: Februari 1920 ndege ya Vickers Vimy iliyokodiwa na gazeti la The Times ili ifike Cape Town ilianguka pale ikijaribu kuruka. Binti akaniuliza kwa nini zianguke zinaporuka na siyo zinapokuwa angani. Nikamwambia hilo ni somo lako la fizikia, nitafutie wewe.

Alilitafuta. Uwanja wa Dodoma uko mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ya kawaida inatakiwa iwe na joto la nyuzi 8 hivi. Mchana wa Oktoba hapa ni 30 na zaidi. Hewa ya moto ni nyepesi; kwa hesabu yake, kwa nyuzi 30 ndege inajiona iko mita 1,900. Bawa linapata hewa kidogo ya kuliinua, injini inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, panga boi linakata hewa isiyo na nyama. Unahitaji njia ndefu zaidi kuondoka na mzigo uleule. Ameiandika kwenye daftari la mazoezi na ameniambia nisilichafue kwa grisi.

Juni 15

Nimeamua. Dakota imefunikwa gunia, nimeanza Rapide. Ni ndogo: bawa la mita 14.6 linakuwa sentimita 73. Mke wangu ameipokea vizuri zaidi.

Mbao zinanishinda. Mimi ni mtu wa alumini. Alumini ukiikunja inakaa ulipoiambia.

Juni 29

Kuna kijana wa Msalato anakuja Jumapili baada ya ibada. Ana miaka kumi na mitano. Baba yake anaendesha greda kwenye ujenzi wa uwanja mpya, na huyu mtoto anajua kila tabaka la kifusi lililoshindiliwa pale kama wenzake wanavyojua majina ya wachezaji. Njia ya kurukia ina kilomita 3.6. Anaitaja kila mara kwa desimali yake. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2022 na Rais Samia, na mtoto alikuwepo, ameshikwa mkono.

Nilimuonyesha daftari la binti. Akasoma, akaguna, akasema: "Ndiyo maana ni ndefu." Kisha: "Kwa hiyo baba anasawazisha joto." Nimecheka, lakini jioni nilipokuwa nafunga karakana nikaona hakukosea sana.

Tukaingia kwenye ndege za siku hizi. Yeye anazijua kwa herufi. Airbus A220 ya kwanza ya Air Tanzania, iliyokuja Desemba 2018, ni 5H-TCH na imeandikwa Dodoma ubavuni. Anasema akiiona huwa anaipungia, ni ya nyumbani. Mimi nilimwambia nazipenda zaidi zile Bombardier za 2016, ambazo watu walizikebehi kwamba ni panga boi, kana kwamba panga boi ni la dari ya saluni. Kwa safari fupi na viwanja vifupi panga boi ndiyo akili.

Akaniuliza nimepanda ngapi.

Sijapanda hata moja. Nina miaka arobaini na mitatu. Dar nilikuwa nakwenda kwa basi, sasa nakwenda kwa treni ya umeme. Hakushangaa. Hata baba yake hajapanda.

Julai 13

Siku kubwa. Amekuja Mzee wa Embakasi.

Ndivyo wanavyomwita huko Kikuyu anakokaa. (Kikuyu ya hapa Dodoma, ni mtaa, wageni hudhani ametoka Kenya.) Kweli alifanya kazi Kenya: aliingia karakana ya East African Airways pale Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, kama mwanafunzi wa ufundi mwaka 1962, akabaki mpaka Jumuiya ilipokufa 1977. Alirudi na mke, watoto wanne na sanduku la spana. Machi mwaka huo Air Tanzania ikaanzishwa, lakini yeye alikuwa na mama mgonjwa hapa, hakwenda Dar. Spana zake zote zilikuwa za inchi. Magari yaliyokuwa yakiingia mjini yalikuwa ya milimita, isipokuwa Land Rover za zamani. Basi miaka ishirini fundi aliyegusa injini za jeti za Super VC10 alitengeneza Land Rover za misheni na za serikali, kwa sababu ndizo pekee zilizoingia kwenye spana zake.

Bodaboda ndiye aliyemleta. Nilimpa kiti, nikamwonyesha Rapide kwa fahari kidogo. Akaipita. Akaenda kwenye gunia, akalifunua.

"Nani kakwambia silinda tisa?"

Nilikuwa nimepanga vizibo tisa vya soda kuzunguka kila injini. Akanieleza taratibu kama anamwambia mjukuu: injini za Dakota zetu zilikuwa Twin Wasp, silinda kumi na nne kwa safu mbili, saba mbele na saba nyuma, na za nyuma zinachungulia kwenye nafasi za zile za mbele ili zipate upepo. Nikaandika. Kisha akapitisha kidole kwenye mkia.

"Na huu usukani umeuvika bati."

"Dakota si ya bati, Mzee?"

"Mwili. Mabawa. Lakini usukani wa nyuma, na vile vipande vinavyocheza kwenye mkia, na vile vya ncha za mabawa vya kuilaza ndege kulia na kushoto, ni mifupa ya alumini iliyovikwa kitambaa. Vinatakiwa viwe vyepesi, rubani anavivuta kwa mkono wake, hana msaada. Nimevishona mimi mwenyewe. Unakaza kitambaa, unapaka dawa, kinakazana kama ngoma."

Nikakaa chini. Nikamweleza habari ya Shangazi, ngazi, kiraka, mshahara wa siku tatu. Alisikiliza hadi mwisho huku amefumba macho. Nikamletea faneli. Hiyo aliishika muda mrefu. Akainusa, ingawa haina harufu yoyote zaidi ya nyumba ya Shangazi.

"Kitambaa hakikwambii kitu," akasema. "Rapide ina kitambaa, Dakota ina kitambaa. Muulize jambo moja tu. Baba yake alipokuwa anamimina, alisimama wapi?"

Julai 14

Shangazi hapatikani. Simu yake huwa inachajiwa dukani.

Julai 17

Amepatikana. Naandika kama alivyosema, nisiongeze.

"Alisimama juu ya bawa. Mwenzake alikuwa kwenye ngazi akimpokeza madebe. Walikatazwa kupanda na viatu, kwa hiyo walipanda peku. Ikifika mchana lile bawa lilikuwa kikaango. Alikuwa anahama mguu huu, anahama mguu huu. Mama alikuwa anampaka mafuta ya ng'ombe nyayoni usiku. Mbona hili mnalijua? Si ndiyo sababu alikuwa anatembea vile?"

Hatukulijua. Tulijua Babu alitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Kila mmoja wetu akiwa mtoto aliwahi kumwigiza, na kuchapwa kwa hilo. Nilidhani ni uzee.

Nimempigia Mzee wa Embakasi. Alikaa kimya kidogo, akasema juu ya bawa la kitambaa mtu hapandi akamimina madebe. Ana mahali pa kukanyaga pembeni, basi. Na kitambaa hakimuunguzi mtu nyayo. Dakota ina matangi katikati ya bawa, na vifuniko vyake viko juu; lazima upande. "Babu yako alikuwa kwenye Dakota," akasema. "Ngazi ilitoboa kile kipande cha nyuma ya bawa."

Nilitoka nje saa saba mchana, nikaliweka bawa langu la alumini juani robo saa, nikalikanyaga kwa kisigino kitupu. Halikubonyea. Kisigino nimekiondoa mwenyewe.

Agosti 9

Upepo wa mwezi huu hauchoki. Vumbi linaingia kwenye rangi, nimehamia ndani. Injini mbili zimekamilika kwa vizibo ishirini na nane. Panga boi la Dakota lina mita tatu na nusu, kwangu sentimita 17 na nusu, mapanga matatu kila moja. Matairi nimeyakata kwenye soli ya kandambili, karibu sentimita 6.

Bati la mkia nimelibandua. Niliona uchungu, lilikuwa limekaa vizuri. Usukani na vipande vyote vya kuchezesha nimevivika bafta, nikaipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, mara tatu. Ikikauka inakazwa kweli. Ukiigonga kwa kucha inalia. Mzee alikuja kuigonga.

Rapide kaichukua kijana wa Msalato pamoja na mbao zilizobaki. Yeye anaweza mbao.

Agosti 24

Rangi ya fedha, na nembo ya simba tumeichora kwa karatasi ya kukatia. Swali la namba za usajili limetusumbua. Ndege za Tanganyika wakati ule zilianza na VR-T, za Kenya VP-K. Haya mambo ya 5H na 5Y ni ya baada ya uhuru. Mzee anasema Dakota nyingi za kampuni zilikuwa na VP-K kwa sababu makao yalikuwa Nairobi. Herufi mbili za mwisho hakuna anayezikumbuka. Binti alipendekeza tuweke herufi za jina la Babu. Nilikubali, nikazikata, nikaziweka bawani, nikaziangalia usiku mzima. Asubuhi nimezitoa. Babu alinywesha nyingi, sijui ni ipi aliyoitoboa. Imebaki VP-K na nafasi tupu mbele yake.

Septemba 7

Shangazi amekuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho, na jioni akaja karakana. Mzee wa Embakasi alikuwepo, mama wa mlenda alikuwepo, na bodaboda aliyemleta kutoka stendi akakataa nauli ili aruhusiwe kubaki. Shangazi aliizunguka ndege mara mbili. Aliuliza mlango uko wapi. Aliuliza abiria walikuwa wanakaa wangapi, Mzee akamjibu ishirini na kitu, akaguna kwamba basi dogo linabeba hao.

Nilikuwa nimetoboa bafta tangu jana kwa ncha ya bisibisi, nyuma ya bawa. Nilimpa kiraka kilichokatwa tayari na brashi ya gundi.

"Bawa lipi?" akauliza.

Nikasema sijui, nimetoboa la kulia.

"Ni la kushoto. Alikuwa anaonyesha hivi." Akainua mkono wa kushoto, akaugusa chini ya kiwiko.

Basi nikatoboa na la kushoto mbele yake. Alipaka gundi nyingi kuliko ilivyohitajika, akakibandika, akakikandamiza kwa dole gumba akihesabu kimoyomoyo. Kimekaa upande. Mzee alinyoosha mkono kukinyoosha, kisha akaurudisha mfukoni.

Tundu la kulia nitaliziba kesho. Gundi inataka saa ishirini na nne, na paka wa jirani ameanza kuizoea karakana, kwa hiyo nimeipandisha ndege juu ya rundo la fremu na kuifunika kwa kanga ya Shangazi. Faneli ameniachia.